Mwalimu wa Biggar: Kufuata nyayo za Woodrow Lloyd katika Saskatchewan

Mwaka 2004 shirika la utangazaji la Kanada, CBC, liliwaomba wananchi wamchague Mkanada mkuu kuliko wote katika historia ya nchi yao. Mshindi alikuwa Tommy Douglas, mchungaji wa Kibaptisti aliyeliongoza jimbo la Saskatchewan kwa miaka 17, na ambaye wengi humwita baba wa matibabu ya umma. Heshima hiyo aliistahili. Ila siku matibabu hayo yalipoanza, tarehe 1 Julai 1962, Douglas hakuwa tena Waziri Mkuu wa jimbo. Aliyekalia kiti hicho, aliyegomewa na madaktari na baadaye kunyimwa kura, alikuwa mwalimu wa shule, Woodrow Stanley Lloyd.

Jina lake halisikiki sana nje ya jimbo lake. Kwa sababu hiyo nimeona niifuate njia yake kituo kwa kituo, tangu kijiji alikozaliwa hadi mji wa mbali alikofia, kwa kuwa naamini jambo kubwa alilolifanya mwaka 1962 lilianza kupikwa darasani miaka 30 kabla.

Njia hiyo inaanzia Webb, kijiji kilicho magharibi ya mji wa Swift Current, kusini-magharibi mwa Saskatchewan. Ni nchi ya uwanda usio na mwisho: ngano, upepo na anga. Lloyd alizaliwa huko tarehe 16 Julai 1913 katika familia ya wakulima. Alipofikia umri wa kwenda chuo, balaa mbili ziliishukia nchi kwa pamoja. Bei ya ngano iliporomoka kutokana na mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929, na mvua zikakata. Udongo ulipeperushwa na upepo hadi mchana ukawa giza. Mwaka 1937 jimbo zima lilivuna ngano kidogo mno, na familia nyingi zilifungasha na kuhamia kaskazini au kuliacha jimbo kabisa. Kijana Lloyd alikuwa ametamani uhandisi, lakini fedha hazikuwapo. Akaingia ualimu.

Shule walizozikuta walimu wa kizazi chake zinafaa kutazamwa kwa karibu. Jengo la mbao la chumba kimoja limesimama peke yake uwandani, na nyuma yake kuna banda la farasi, kwa sababu watoto wengine wanakuja wamepanda farasi. Ndani kuna jiko la chuma la kuota moto. Majira ya baridi kali, kipimo kikishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, jiko hilo lazima liwashwe kabla watoto hawajafika, na wanaokaa mbali nalo hawavui makoti. Mwalimu ni mmoja, madarasa ni manane. Wadogo wanaandika herufi huku wa kati wakisoma kimya na wakubwa wakifanya hesabu ubaoni. Mshahara wa mwalimu huyo unatoka katika kodi ya wakulima wachache waliouzunguka uwanja wa shule. Wakulima wasipovuna, mwalimu halipwi. Miaka ile walimu wengi walipewa hati ya ahadi badala ya fedha, na wengine waliishi kwa chakula na malazi ya wazazi.

Lloyd alifundisha Stewart Valley na Vanguard, vijiji vya eneo hilohilo la Swift Current, kisha akawa mwalimu mkuu huko Biggar. Aliendelea kusoma huku akifundisha, na mwaka 1940 akapata shahada yake ya kwanza. Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa rais wa chama cha walimu cha jimbo. Chama hicho hakikuwa kidogo. Saskatchewan ilitangulia nchini Kanada kutunga sheria ya kumfanya kila mwalimu wa shule za umma awe mwanachama, mwaka 1935. Kwa miaka minne Lloyd alisikiliza malalamiko kutoka kila pembe ya jimbo, na yote yalikuwa na mzizi mmoja: mtoto aliyezaliwa kwenye udongo mbovu alipata shule mbovu, kwa kuwa kila kijiji kilijibebea mzigo wake peke yake.

Biggar ni mji wa reli, magharibi ya Saskatoon, uliopewa jina la mwanasheria wa kampuni ya reli. Hapo ndipo mwalimu alipogeuka mwanasiasa. Chama cha CCF kilikuwa kimeundwa na wakulima, wafanyakazi na wasomi wa mrengo wa kushoto, na katika uchaguzi wa Juni 1944 kilinyakua viti 47 kati ya 52. Ilikuwa serikali ya kwanza ya aina hiyo kushika madaraka Amerika ya Kaskazini. Lloyd alishinda Biggar, na Douglas akampa wizara ya elimu. Alipoapishwa mwezi Julai zilibaki siku chache atimize miaka 31. Hadi wakati huo hakuna aliyewahi kuwa waziri wa jimbo hilo akiwa na umri mdogo kiasi hicho. Wizara hiyo aliishika miaka 16.

Kazi aliyoianza nayo ilikuwa ngumu kuliko inavyosomeka vitabuni. Jimbo lilikuwa na mamlaka za shule karibu 5,000, nyingi zikiwa na shule moja tu ya chumba kimoja, na kila moja na wadhamini wake watatu waliochaguliwa na majirani. Sheria ya mwaka 1944 ilikusudia kuziunganisha katika maeneo makubwa yapatayo 60, ili kodi ya tajiri na ya maskini iingie mfuko mmoja, mshahara wa mwalimu uwe wa uhakika, na shule za sekondari zijengwe mahali ambapo kijiji kimoja kisingeweza peke yake. Wakulima wengi walikasirika. Shule ndiyo ilikuwa ukumbi wao wa mikutano, mahali pao pa ngoma na ibada, na sasa serikali ya Regina, mji mkuu wa jimbo, inataka kuwaondolea usukani. Lloyd hakuwabeza. Sheria iliruhusu wakazi wakusanye saini na kudai kura, naye alizunguka vijijini akieleza, akijibu maswali, akirudia tena. Maeneo hayo makubwa yaliundwa moja baada ya jingine hadi mfumo mzima ukabadilika.

Mabadiliko hayo yalikuwa na gharama. Shule ndogo zilipofungwa na watoto kuanza kupanda mabasi, vijiji vingi vilipoteza moyo wao, na vingine havipo tena. Lakini mtoto wa mkulima maskini alipata sekondari, na mwalimu akaacha kuishi kwa hati za ahadi. Kwangu hilo linatosha kuihukumu sheria ile kuwa ya haki.

Wakati Lloyd akipanga shule, mambo mengine yalikuwa yakikua nyumbani kwao. Mwaka 1946 eneo la Swift Current lilianzisha mpango wake wa matibabu uliogharimiwa na kodi na michango ya wakazi, na madaktari wa huko wakaufanyia kazi bila vita. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Januari, serikali ya Douglas ilianzisha bima ya hospitali kwa jimbo zima. Ada za madaktari zilikuwa bado juu ya mgonjwa. Mwaka 1960 Douglas aliingia uchaguzini na ahadi ya kuzimaliza, akashinda, na Lloyd akahamishiwa hazina. Mwaka 1961 Douglas aliitwa kuongoza chama kipya cha NDP ngazi ya taifa. Mwanzoni mwa Novemba wajumbe wa CCF jimboni walimchagua Lloyd kumrithi, na tarehe 7 mwezi huo akawa Waziri Mkuu. Sheria ya bima ya matibabu ilipitishwa siku chache baadaye. Douglas aliondoka na sifa ya ahadi. Lloyd alibaki na siku ya kuitimiza.

Mpango ulikuwa rahisi kueleweka: mtu mmoja angelipa dola 12 kwa mwaka, familia dola 24, sehemu iliyobaki ingetoka kwenye kodi, na kila mkazi angetibiwa. Madaktari walio wengi waliupinga. Waliogopa kugeuzwa watumishi wa serikali na kuingiliwa kati yao na mgonjwa. Serikali iliisogeza mbele tarehe ya kuanza kutoka Aprili hadi Julai ili mazungumzo yaendelee.

Tarehe 3 Mei 1962 Lloyd alikwenda mwenyewe kwenye mkutano wa madaktari katika ukumbi wa Trianon, Regina. Walikuwapo mamia, wengine wakikadiria 600. Alisimama mbele yao akaeleza sheria hatua kwa hatua, kwa sauti yake ya kawaida, huku vicheko na kelele zikimkatiza. Alipomaliza, rais wa chama chao, Dk. Harold Dalgleish, aliwataka wasiokubali kufanya kazi chini ya sheria ile wasimame. Ukumbi karibu mzima ulisimama. Lloyd alikuwa jukwaani akiwatazama.

Mwezi huohuo Walter Erb, waziri aliyekuwa ameshika wizara ya afya hapo awali, alijiuzulu serikalini. Juni, katika uchaguzi wa taifa, Douglas mwenyewe aliangushwa Regina na wapiga kura waliokasirishwa na bima. Tarehe 1 Julai, siku ya taifa, sheria ilianza kufanya kazi, na takriban asilimia 90 ya madaktari wakafunga milango. Hospitali chache zilibaki na huduma ya dharura. Kamati za wananchi waliotaka madaktari wao wabaki zilienea kila mji, na magazeti makubwa ya jimbo yakawa upande wao. Hofu ilikuwa ya kweli. Mama mwenye mimba ya miezi tisa hakujua nani angemzalisha.

Serikali ilitafuta madaktari Uingereza na kuwaleta kwa ndege. Wakazi wa Saskatoon na miji mingine walianzisha kliniki zao za ushirika pamoja na madaktari wachache walioiunga mkono sheria. Tarehe 11 Julai wapinzani waliitisha maandamano mbele ya bunge la Regina, jengo la kuba lililo kando ya ziwa Wascana, wakitarajia makumi ya maelfu. Walifika wapatao 4,000 au 5,000. Kuanzia hapo upepo uligeuka.

Mpatanishi alikuwa Stephen Taylor, daktari na mjumbe wa Bunge la Malodi la Uingereza, aliyeujua mfumo wa matibabu wa nchi yake tangu kuanzishwa. Alikwenda na kurudi kati ya pande mbili huko Saskatoon, akibeba maneno ya huku kuyapeleka kule, hadi makubaliano yakatiwa saini tarehe 23 Julai. Madaktari waliruhusiwa kubaki huru, kulipwa kwa kila huduma, na hata kufanya kazi nje ya mpango wakitaka. Serikali ilibaki na kiini: bima ni ya wote, na fedha ni za umma. Mtu mwenye kiburi angeweza kuvunja mazungumzo kwa kushikilia kila kifungu. Lloyd alijua lipi la kuachia na lipi la kushika, kama alivyojua miaka ya vijijini kwamba mzazi mwenye hasira ni lazima asikilizwe hadi mwisho.

Malipo aliyopata yalikuwa machungu. Aprili 1964 chama chake kilishindwa na chama cha Liberal cha Ross Thatcher, kura zikiwa karibu sawasawa. Lakini Thatcher hakuthubutu kuifuta bima. Mwaka huohuo tume ya Jaji Emmett Hall, mtu wa Saskatoon, ilipendekeza taifa zima lifuate njia hiyo. Sheria ya shirikisho ilipitishwa 1966 na kuanza tarehe 1 Julai 1968, miaka sita kamili baada ya siku ile ya milango kufungwa. Mnamo 1972 majimbo yote yalikuwa ndani. Nao madaktari wa Saskatchewan, waliohofia kufilisika, mapato yao yaliongezeka.

Lloyd aliongoza upinzani hadi 1970. Thatcher alipoanza mwaka 1968 kuwatoza wagonjwa dola 1.50 kila wamwonapo daktari kliniki na 2 akiwafuata nyumbani, Lloyd aliipinga hatua hiyo bungeni. Tozo hizo zilifutwa 1971, chama chake kiliporudi madarakani chini ya Allan Blakeney. Yeye hakuwamo tena. Wabunge wenzake walikuwa wamechoshwa na msimamo wake wa kuwaunga mkono vijana wa mrengo wa kushoto zaidi, naye akajiuzulu uongozi badala ya kukigawa chama. Alikwenda Korea ya Kusini kuliwakilisha shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, na tarehe 7 Aprili 1972 alifariki Seoul, akiwa na miaka 58.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Douglas aliishi hadi 1986, akihutubia na kushangiliwa, na hadithi ikamwendea yeye. Wala sioni sababu ya kumpunguzia. Lakini ahadi ya kutibu watu wote imetolewa na wanasiasa wengi duniani, na nyingi hufa siku ya kwanza ya upinzani. Ile ya Saskatchewan haikufa kwa sababu siku hiyo palikuwa na mwalimu aliyezoea kueleza jambo gumu kwa watu wasiotaka kusikia, bila kupandisha sauti na bila kurudi nyuma. Anayefundisha historia ya matibabu ya umma Kanada na kumtaja Douglas peke yake amefundisha nusu ya somo.