Jinsi Tulivyowatafutia Watoto Wetu Nafasi ya Shule ya Msingi

Katika toleo hili la kumbukumbu tumeombwa, sisi tulioshughulika na mambo ya shule tangu mwanzo wa kambi, tueleze jinsi watoto wetu walivyoandikishwa darasa la kwanza. Wako watakaosema ni jambo dogo: mtoto akifika umri anapelekwa, basi. Haikuwa hivyo.

Tuanzie kule tulikotoka. Katika Zaire ya miaka ya 1990, huko Fizi na Uvira, shida ya mzazi ilikuwa pesa. Serikali ilikuwa haiwalipi walimu ipasavyo, na baada ya migomo ya mwanzoni mwa miaka hiyo wazazi ndio waliobeba mshahara wa mwalimu. Mwenye watoto watano alichagua wawili wa kusomesha, na tukubali bila aibu kwamba mara nyingi tulichagua wavulana. Lakini karatasi haikutusumbua. Mwalimu mkuu alimjua baba wa mtoto na babu yake pia, na kuhusu umri aliulizwa mama mzalishaji au jirani.

Vita vilianza kwetu mwezi wa Oktoba 1996. Tukavuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na boti mpaka Kigoma, kisha kwa malori mpaka Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, kambi iliyofunguliwa Novemba mwaka uleule. Hapa hatukuulizwa pesa. Tanzania iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mnamo mwaka 1964, na kifungu cha 22 cha mkataba huo kinasema mtoto mkimbizi atendewe sawa na mwenyeji katika elimu ya msingi. Walimu walikuwa wakimbizi kama sisi, watoto wakakaa chini ya miti, juu ya mawe na vipande vya magogo. Tulidhani shida imekwisha. Kumbe sasa tukaanza kuulizwa karatasi.

Karatasi yenyewe ilikuwa kadi ya mgao wa chakula. Mtoto ambaye hakuhesabiwa kwenye kadi ya nyumba alikuwa kama hayupo. Na ni nani waliokosekana kwenye kadi? Ni wale waliopotezana na wazazi ufukweni, mtoto wa dada aliyefia njiani, yatima aliyekuja na jirani tu. Yaani wale wale waliohitaji shule kuliko wote.

Halafu lilikuja jambo la majina. Kwetu mtoto hubeba jina lake mwenyewe, la babu, la shangazi, au la tukio lililotokea siku ya kuzaliwa. Si lazima limguse baba. Tena tangu 1972 serikali ya Zaire ilikataza majina ya Kikristo, kwa hiyo wengi wetu tulikuwa na jina la cheti na jina la kanisani. Kwa Watanzania mtu huandikwa jina lake, la baba, kisha la babu. Basi karani akiona baba ana jina hili, mtoto wa kwanza ana lile, na wa pili ana jingine kabisa, alishuku kwamba tumeazima watoto ili tuongeze mgao. Hatumlaumu sana karani. Alifuata fomu aliyopewa, na waongo nao hawakukosekana kati yetu.

Umri ulipimwa kwa mkono. Mtoto alipitisha mkono wa kulia juu ya kichwa. Akigusa sikio la kushoto, amefika. Lakini mtoto aliyedhoofika kwa njaa ya safari huwa na mkono mfupi kuliko miaka yake. Tuliona wenye miaka minane wakirudishwa nyumbani huku wadogo zao wakipokelewa. Nao waliopokelewa bila tarehe ya kuzaliwa waliandikiwa 1 Januari, hata ikawa darasa zima limezaliwa siku moja.

Tulichofanya ni kurudia desturi ya nyumbani. Kabla ya siku ya kuandikisha, tulipita kijiji kwa kijiji ndani ya kambi na daftari la kawaida. Kwa kila mtoto tuliuliza: alizaliwa wapi, nani alikuwepo, mama alikuwa akilima nini msimu ule. Kiongozi wa kijiji na majirani wawili waliotoka naye upande mmoja walitia sahihi au dole gumba. Mwanzoni daftari letu lilichekwa. Baadaye walimu wakuu walianza kulitafuta wenyewe, kwa sababu lilikuwa na majina ambayo kadi haikuwa nayo.

Jina la darasa la kwanza lilikuwa na uzito kuliko tulivyofikiri. Sera ya Tanzania ilikuwa tusome kwa mtaala wa nchi yetu ili turudi siku moja. Kwa hiyo mtoto alisoma miaka 6 kama Kongo, si 7 kama wenyeji, akimaliza kwa mtihani wa taifa wa Kikongo. Kosa la karani la herufi moja lilimngoja mtoto miaka hiyo yote, likatokea kwenye cheti.

Mwaka 2009 kambi ya Lugufu ilipofungwa, wenzetu wengi waliletwa kwetu, na kazi ya majina ikaanza upya. Mwaka 2015 wakaja ndugu zetu wa Burundi, na mtaala wao tofauti. Majengo hayakutosha, tukasoma kwa zamu, kundi hili asubuhi na lile mchana, na wengine wakarudi chini ya miti. Sisi wazee tulicheka kidogo, maana miti ile tuliifahamu.

Mwaka 2019 serikali ya Kongo ilianza kutekeleza elimu ya msingi ya bure. Ndipo mama mmoja aliyejiandaa kurudi alipokuja kwetu kuomba uthibitisho wa mwanawe. Tulifungua daftari la mwanzo, ambalo mchwa wameshakula pembe zake. Jina lilikuwepo, limeandikwa sawasawa, na dole gumba la jirani aliyekwisha kufariki. Mwaka wa kuzaliwa tu ndio haukuwa wake. Tulikuwa tumeuandika kwa kipimo cha sikio.