Kamba, Msumari na Parafujo



Fundi wa vyombo hapa Pemba hapigilii msumari ovyo. Kwanza hutoboa tundu kwa keekee, ndipo hushika nyundo, maana ajua ya kuwa roho za watu zategemea viungo vya mbao zake. Mashaka hayo ya kuunga mbao ni ya kale sana.

Katika karne ya 1 baada ya Kristo, mfanya biashara mmoja Myunani wa Misri aliandika habari za bahari yetu. Alitaja kisiwa kiitwacho Menouthias, ambacho wataalamu wengine hudhani kuwa ndicho Pemba, na wengine Unguja au Mafia. Alisema ya kuwa huko palikuwa na mitumbwi ya gogo moja, na vyombo vilivyoshonwa.

Vyombo vya namna hiyo ndivyo walivyoviita wazee mitepe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Je, ulikuwa ujinga? Sivyo. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, alieleza ya kuwa chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, bali kilichoshonwa hulegea kidogo kikaokoka. Lakini kamba nayo huoza, na mtepe ulivuja sana, hata mabaharia wakawa hawapumziki kufua maji.

Wareno walifika mwaka 1498 na merikebu za misumari, na baadaye vyombo vya misumari viliongezeka katika pwani yetu. Hata hivyo mitepe ya Lamu ilidumu mpaka karne ya 20. Lugha yetu imeweka kumbukumbu ya wageni: neno msumari lina asili ya Kiarabu, na parafujo latokana na Kireno.

Basi kipi ni bora, msumari au parafujo? Msumari hushikwa na nyuzi za mti zinazoubana. Mbao zikisukumwa upande, hupinda kabla ya kukatika; lakini ukivutwa moja kwa moja, hung'oka. Parafujo huuma mti kwa hesi zake, kwa hiyo haing'oki upesi, na tena yaweza kufunguliwa kwa bisibisi pasipo kuharibu ubao. Lakini mwenye kuipiga kwa nyundo kwa kuona uvivu huzikata nyuzi za mti, na parafujo yake haina nguvu tena.

Tazameni nyumba ya miti na udongo. Fito zimefungwa kwa kamba, bati limepigwa misumari, na bawaba za mlango zimetiwa parafujo. Zote tatu zafanya kazi chini ya paa moja, wala hapana iliyomfukuza mwenziwe. Fundi mwenye akili haulizi kipi ni kipya. Huuliza kiungo hiki kitavutwa, kitasukumwa, au kitatikiswa. Akikosea nyumbani, mlango utaanguka. Akikosea chomboni, kosa lake litajulikana katikati ya Mkondo wa Pemba, mahali pasipo nyundo wala duka.