Damu ya Akeri na Upendo Uliorejea

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri, Meru, muda mfupi baada ya kufika. Wenyeji waliwahesabu kuwa kitu kimoja na askari wa Kijerumani waliokuwa wamepiga kambi jirani; na ni kweli kwamba Injili na bunduki zilikuwa zimepita njia moja.

Serikali ya kikoloni ililipiza kisasi: watu waliuawa, nyumba zikateketezwa, mifugo ikatekwa. Hivyo waliopaswa kusamehe wakawa wa pande zote mbili.

Mwaka 1902 Misioni ilirejea na kujenga kituo cha Nkoaranga. Haikuja kudai damu, bali kuhubiri na kufundisha, na baadaye kuwauguza wagonjwa. Wameru nao, vidonda vyao vikiwa bado vibichi, waliwapa wageni hao nafasi, na wengine wao wakabatizwa.

Amri ya Bwana katika Mathayo 5:44 ilitimizwa hapo na mkono uliorudi bila silaha, na mkono uliokubali kuupokea.