Kidumu, Ufagio na Makabila Yote: Shule ya Msingi Ilivyolitengeneza Bonde la Kilombero

Soma daftari la mahudhurio la shule ya msingi ya serikali pale Ifakara, utadhani umeshika orodha ya abiria wa treni. Jina la Kindamba, chini yake la Kipogoro, linafuata la Kihehe, la Kingoni, la Kinyakyusa, mara unakutana na Msukuma, na karibu na mwisho yupo dogo wa Kimasai. Wote wanaimba wimbo wa taifa asubuhi, na wakigombana wanatupiana maneno kwa Kiswahili kilekile.

Kwa mtoto wa mjini hiyo ni Bongo ya kawaida tu. Ila kwa Bonde la Kilombero haikuja yenyewe. Ina historia, na kuna watu walioilipia.

Zamani shule ilikuwa na wenyewe

Enzi za Mwingereza, shule za Tanganyika zilipangwa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Huku bondeni sehemu kubwa ya elimu ya Waafrika ilishikwa na misheni ya Kikatoliki. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi ndio walioendeleza kazi hiyo baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Mtoto alipata kusoma, sawa, lakini mzazi Mwislamu alibaki na hesabu ngumu: ampeleke mwanawe na kuhofia atarudi na jina jipya, au amwache nyumbani asijue hata kuandika la kwake.

Baada ya Uhuru, ubaguzi wa rangi shuleni ulifutwa. Halafu Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule za misheni chini ya serikali. Kuanzia hapo dini ya baba haikuwa tena tiketi ya mlangoni.

Miwa na reli vikaleta majirani

Mlango ukawa wazi, lakini darasa lingeweza kubaki la watu wa palepale: Wandamba wa mtoni, Wapogoro, Wabena, na Wambunga waliofika karne ya 19. Kilichobadilisha mambo ni kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kiwanda cha sukari kilianza upande wa Kidatu, na wakata miwa wakaja kutoka kila kona ya nchi. Wengi walisema wanakuja kwa msimu mmoja. Unajua hizo stori: msimu mmoja ukazaa nyumba, nyumba ikazaa watoto, watoto wakataka shule.

Kabla vumbi halijatulia, Oktoba 1970 ukaanza ujenzi wa TAZARA. Reli yenyewe ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na ikakatiza bonde lote: Mang'ula, Ifakara, Mlimba. Mafundi wa Kichina walifanya kazi bega kwa bega na vijana wa Kitanzania na Kizambia. Ilipokabidhiwa mwaka 1976, Wachina wengi waliondoka, ila vijana wengi waliobeba mataruma hawakurudi kwao. Walikuwa wameshaona lile tope jeusi linavyozaa mpunga. Nani aondoke?

Ualimu Pasipo Elimu

Novemba 1974, Azimio la Musoma lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Huo ndio mpango maarufu kwa jina la UPE. Wanafunzi wa shule za msingi nchini, waliokuwa kama milioni 1.2, walipita milioni 3 ndani ya miaka michache. Operesheni ya vijiji nayo ilikuwa imekusanya familia zilizotawanyika, kwa hiyo watoto walikuwepo. Walimu sasa? Hao hawakuwepo.

Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa kazi huku wanafundisha. Watani wakaigeuza UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Kijembe kiliuma, na kina ukweli ndani yake. Lakini fikiria huyo kijana wa miaka kumi na kitu, amesimama mbele ya watoto wengi kuliko madawati, chaki yenyewe ya kugawana, na nusu ya darasa wanaongea nyumbani lugha asiyoijua. Hakuwa na chuo kikubwa nyuma yake. Alikuwa na Kiswahili, fimbo, na wimbo wa mchakamchaka. Wengi waliojifunza kusoma miaka ile walifundishwa na huyo huyo anayechekwa.

Na shule haikuwa darasa tu. Ilikuwa kidumu cha maji na ufagio asubuhi, kufanya usafi kwa namba, kwenda shamba la shule kwa jina la Elimu ya Kujitegemea. Mtoto wa karani wa reli na mtoto wa mvuvi walipewa jembe lilelile. Jioni ngoma: sangula ya Wapogoro inachezwa na watoto ambao bibi zao hawajawahi kuiona.

Dungu dhidi ya darasa

Hapa ndipo penye utamu na uchungu. Mpunga wa Kilombero hauliwi na njaa ya binadamu peke yake. Ndege nao wana zamu yao. Msimu ukifika, familia zinahama mjini na vijijini kwenda mashambani, mbali, wengine ng'ambo ya mto, na kukaa huko miezi. Pale kuna dungu, kibanda cha juu kwenye nguzo, na anayekaa juu yake kufukuza ndege mara nyingi ni mtoto.

Mwalimu akiita majina, kimya. Kwenye daftari ameandikwa mtoro. Kwenye sahani ya familia yeye ndiye mlinzi wa chakula cha mwaka mzima. Wote wawili, mwalimu na mzazi, wanamtakia mtoto mema, na wote wawili wanamvuta upande tofauti. Ada ilifutwa, ikarudi kwa sura ya michango, ikafutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2016 michango nayo ikapigwa marufuku. Ndege hawakusoma waraka wowote.

Ng'ombe, kivuko na daraja

Kuanzia miaka ya 1980 wafugaji walizidi kuingia bondeni: Wasukuma, Wamasai, Wabarbaig, wakifuata majani na maji. Mivutano ya mashamba ikakua. Mwaka 2002 bonde likaingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani, na mwaka 2012 serikali ikaendesha operesheni ya kuondoa wafugaji na mifugo. Unaweza kubishana nani alikuwa na haki na ardhi. Ila familia ikihamishwa, mtoto habaki na dawati. Anayebaki ni jirani yake, mtoto wa mkulima, anayekuta nafasi upande wake wa benchi.

Mto nao ulikuwa na neno lake. Kabla ya daraja, kuvuka kwenda upande wa Ulanga kulitegemea kivuko, na Januari 2016 kivuko kilizama kwa dhoruba. Daraja la mita 384 likafunguliwa 2018. Siku hizi mwalimu aliyepangiwa ng'ambo haombi tena hali ya hewa ruhusa.

Bei yake

Tukisifia umoja, tusifiche risiti. Katika shule nyingi kuongea lugha ya nyumbani lilikuwa kosa la kuchapwa. Kiswahili kikashinda, na kweli kimefanya kazi kubwa: leo kijana wa Ifakara anaoa Mlimba bila mkalimani. Ila muulize huyo huyo aseme sentensi tatu za Kindamba kwa bibi yake. Anacheka, anainamisha kichwa, anajibu kwa Kiswahili.

Yule mwalimu wa UPE, yule mtoto wa juu ya dungu, yule dogo wa mfugaji aliyefutwa kwenye daftari katikati ya muhula: hakuna barabara yenye majina yao. Lakini bonde ambalo watu wa makabila yote hayo wanaketi msiba mmoja na kuchangia harusi moja lilianzia kwenye benchi la watu watatu lililokaliwa na watano.

Wewe benchi lako la darasa la kwanza ulikaa na nani, na nyumbani kwao waliongea lugha gani?