Mshumaa wa Brutus na Swichi ya Sebuleni

Katika Juliasi Kaizari kuna mahali ambapo taa inafifia bila mtu kuigusa. Ni usiku wa kuamkia vita. Brutus yumo hemani anasoma, kijana wake kapitiwa na usingizi, mara analalamika kwamba mshumaa unawaka vibaya. Hapo hapo mzimu wa Kaizari unatokea. Mwalimu Nyerere alipoutafsiri mchezo huu, tafsiri yake ikatoka mara ya kwanza 1963, wasomaji wengi wa Kiswahili tulipata kukutana na mshumaa huo tukiwa darasani, mchana kweupe. Na kumbe hata watazamaji wa kwanza walikutana nao mchana. Msafiri mmoja wa Uswisi, Thomas Platter, aliandika kwamba aliutazama mchezo wa Kaizari jijini London mwezi Septemba 1599, yapata saa nane mchana, akiwa ameshakula.

Yaani jua linawaka, uwanja wa ukumbi hauna paa, watu wanaonana nyuso, halafu mwigizaji anasimama na kusema taa inafifia. Giza lote la mchezo ule limo kwenye maneno. Shakespeare alilazimika kuuandika usiku kwa sababu hakuwa na namna ya kuuleta.

Mimi huwa nasoma tamthilia nikiwa na swali hilo: hapa taa ilikuwa mikononi mwa nani? Historia ya fasihi inapenda kuzungumzia kalamu na mashine ya uchapaji. Kile kitasa cha duara kinachopunguza mwanga, ambacho mafundi wetu wanakiita dima, hakitajwi, ingawa ndicho kilichowafundisha watu kukaa gizani na kunyamaza.

Nyumbani kupunguza mwanga hakujawahi kuwa tatizo. Aliyekulia na taa ya chemli anajua: kuna kigurudumu kidogo ubavuni, unashusha utambi, chumba kinaingia usiku. Kazi ilikuwa kwenye ukumbi wenye mamia ya taa. Huwezi kutuma watu mia moja wakashushe tambi mia moja kwa pamoja wakati shujaa anakata roho. Suluhisho la kwanza la maana lilikuwa gesi ya mabomba katika karne ya 19. Mabomba yote yalikusanywa kwenye meza moja yenye vali nyingi kando ya jukwaa, na mtu mmoja akawa anauzungusha usiku na mchana kwa mikono yake. Wagner alipofungua ukumbi wake wa Bayreuth mwaka 1876, watazamaji walijikuta karibu gizani kabisa, macho yote jukwaani. Kabla ya hapo watu walikwenda kwenye opera kuonana pia, na taa za ukumbi ziliachwa ziwake.

Ila gesi ni moto. Tarehe 8 Desemba 1881 ukumbi wa Ringtheater mjini Vienna uliungua wakati watu wakisubiri onyesho lianze. Walikufa zaidi ya 380. Siku ishirini baadaye, tarehe 28 Desemba, jukwaa la Savoy jijini London likawashwa kwa umeme kwa mara ya kwanza. Mwenye ukumbi, Richard D'Oyly Carte, alipanda jukwaani na glopu inayowaka, akaifunika kwa kitambaa chepesi, akaivunja. Kitambaa hakikuungua. Naona hiyo ilikuwa tamthilia fupi kuliko zote zilizochezwa pale, na kwa wiki zile pengine ndiyo iliyohitajika zaidi.

Savoy ilikuwa na glopu zipatazo 1,200 za Joseph Swan. Kuziwasha ni jambo moja, kuzipunguza ni lingine. Walichofanya ni kuuwekea mkondo vikwazo: nyaya ndefu za chuma zilizosokotwa, umeme upite humo kwanza ndipo uifikie taa. Ukiongeza waya, taa inafifia. Tatizo ni kwamba umeme ulioinyima taa hukupata kuuokoa wote, maana sehemu yake iliishia kwenye waya ikawa joto. Kufifisha mandhari ya machweo kulimaanisha kupasha moto chumba cha nyuma ya jukwaa.

Kumbi nyingine zilitumia chungu. Sitanii. Chombo cha udongo, maji ya chumvi, na vipande viwili vya chuma, kimoja kimetulia chini na kingine kinaning'inia kwa kamba. Vikikaribiana mkondo unapita vizuri na taa zinang'aa. Ukikivuta cha juu njia inarefuka, mwanga unashuka. Ukikitoa majini, giza. Maji yalipata moto na kupungua, ikabidi mtu ayaangalie na kuyaongeza, kama mpishi na sufuria ya maharage. Huko mbele mwigizaji anatamka maneno ya kufa, huku nyuma chungu kinatoa mvuke.

Vizuizi vile vya waya vilikuwa na kasoro moja ambayo naipenda kwa sababu ya jina lake. Kila kimoja kilitengenezwa kwa uzito fulani wa taa. Ukikifunga kizuizi cha taa kubwa kwenye kataa kadogo, taa haizimiki. Unashusha mkono mpaka mwisho na bado kanakukodolea macho. Kwa hiyo mafundi waliunganisha pamoja nako taa nyingine kubwa au hita, wakaificha mahali watazamaji wasipoiona, iwake bure ili hesabu ikae sawa. Wakauita mzigo huo mzimu. Brutus angewaelewa.

Hapa anaingia mtu ambaye jina lake lilistahili kuwa kubwa zaidi. Granville Woods, Mmarekani mweusi aliyezaliwa 1856, aliacha shule akiwa mtoto wa miaka kama kumi, akajifunza ufundi kwenye karakana na reli. Mwaka 1896 alipata hataza ya mfumo wa kupunguza taa za ukumbi wa maonyesho, shabaha ikiwa kupunguza hatari ya moto na upotevu wa umeme. Alishaandikisha vingi, ukiwemo mtambo wa kupeleka simu za maandishi kwenye treni inayotembea. Edison alidai mtambo huo ni wake, wakapelekana kwenye sheria, na Woods akashinda. Magazeti yakawa yanamwita Edison mweusi, sifa ambayo mimi naiona ina dharau ndani yake: umemshinda mtu halafu unapewa jina lake. Alikufa New York mwaka 1910. Kaburi lake lilikaa bila jiwe wala jina mpaka 1975.

Miaka ya kati naipita haraka. Palikuja transfoma za kuzungusha, nzito lakini hazichemki kama waya, na mwishoni mwa miaka ya 1940 George Izenour pale Yale akaendesha taa za jukwaa kwa valvu za elektroniki. Vyote hivyo vilikuwa vya kumbi. Sebule ilikuwa bado haijafikiwa.

Aliyeifikia ni Joel Spira, mwanafizikia wa New York. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya General Electric ilitoa kipande kidogo kiitwacho thairista, mlango wa umeme usio na kitu kinachosogea. Spira alikutana nacho kazini, kwenye kazi ya kijeshi iliyohusu kifyatuzi cha bomu la atomiki. Mwaka 1959, katika chumba cha ziada cha nyumba aliyopanga, akakigeuzia matumizi mengine: taa ya chumba cha kulia. Mwaka 1961 yeye na mkewe Ruth walianzisha kampuni ya Lutron huko Pennsylvania, na bidhaa yao ikauzwa kwa ahadi ya mahaba, chakula cha jioni chenye mwanga laini. Kutoka bomu hadi mahaba. Mwandishi wa riwaya angeambiwa anatia chumvi.

Akili ya kifaa chake iko hapa. Umeme wa nyumbani, kwetu mawimbi 50 kwa sekunde, unapanda na kushuka hadi sifuri mara 100 katika kila sekunde. Spira hakuuwekea kikwazo. Mlango unakaa umefungwa mwanzoni mwa kila nusu wimbi, halafu unafunguka na kubaki wazi mpaka mkondo ufike sifuri, ndipo ujifunge wenyewe. Ukichelewesha kufungua hadi katikati, taa ya waya inapata nusu ya nguvu yake. Waya wa glopu hauwahi kupoa katika muda mfupi hivyo, na jicho halioni mkato. Umeme usiotakiwa haupiti kabisa. Ndiyo maana kifaa kizima kikaingia kwenye kiboksi cha swichi ya kawaida ukutani, bila chungu, bila waya unaochemka.

Miji yetu ilikuwa na ndugu yake wa karibu: regyuleta ya pangaboi. Neno lenyewe, pangaboi, limebeba historia yake, maana kabla ya injini palikuwa na kijana wa kuvuta kamba ya kipepeo juu ya vichwa vya wakubwa. Regyuleta za zamani zilikuwa zile zile nyaya za ukinzani. Ukiigusa feni ikiwa namba moja unasikia uvuguvugu. Lakini udugu huo usikudanganye ukafunga dima ya taa kwenye feni. Injini si glopu: feni itavuma, itapata moto, na kimoja kati ya viwili kitakufa.

Ugomvi mpya umekuja na LED. Dada yangu alibadilisha glopu nne za sebuleni, za wati 60 kila moja, akaweka LED za wati 7. Jioni taa zikawa zinacheza kama disko, na zikizimwa zinabaki na kamwanga hafifu. Muuza duka akasema dima mbovu. Fundi akazima mein swichi, akapima kwa testa kuhakikisha hakuna umeme, akafungua kiboksi, kisha akacheka.

"Dada, dima haina kosa. Hii inataka wati 40 na kuendelea, wewe umeipa 28."

Alikuwa sahihi. Ndani ya kiboksi mlikuwa na waya wa laivu unaoingia na ule unaokwenda kwenye taa, nyutro hakuna. Dima ya namna hiyo inapata uhai wake kupitia taa yenyewe, inavuja kidogo hata ikiwa imezimwa, na mlango wake hautulii wazi bila mkondo wa kutosha. Glopu ya waya ilimeza kasoro hizo zote kimya kimya. LED ina saketi yake ndani, inaziona na kuzionyesha. Dawa ya kweli ni dima iliyotengenezwa kwa LED, ambayo kwa kawaida hukata mwisho wa wimbi badala ya mwanzo, pamoja na taa ambazo boksi lake linasema zinakubali kupunguzwa.

Siku ile dukani dima hiyo haikuwepo. Fundi akachomoa LED moja, akarudisha glopu ya zamani ya wati 60, akazungusha kitasa. Zote zikashuka pamoja, taratibu, bila kucheza.

"Hiyo iache hapo hapo," akasema. "Inakula umeme, lakini ndiyo inayowatuliza wenzake."

Dada akauliza kama haiwezi kuhamishiwa kule nyuma ya kabati, isionekane.