Mwisho wa Kisa: Historia ya Filamu «Rafiki», 2006–2020

Kati ya mtihani wa mwisho wa sekondari na siku ya kutangazwa kwa matokeo kuna kipindi ambacho kijana si mwanafunzi tena, wala hajawa mtu mzima. Hapa Kalemie twakiona kila mwaka baada ya mtihani wa taifa: marafiki waliosoma pamoja hutembea kando ya ziwa, wakijua kwamba matokeo huenda yakawatenganisha. Filamu ya Kikenya «Rafiki», iliyoongozwa na Wanuri Kahiu, imejengwa juu ya kipindi hicho. Makala haya yanakusudia kueleza historia yake kwa kuzingatia swali moja: ni nani mwenye haki ya kuamua mwisho wa kisa cha vijana?

Chimbuko lake ni «Jambula Tree», hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyochapishwa mwaka 2006 na kupata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Jambula ya Waganda ndiyo zambarau yetu. Hadithi hiyo ni barua ya Anyango kwa Sanyu. Mapenzi ya wasichana hao yalipogunduliwa, Sanyu alipelekwa London. Anyango anaandika baada ya kusikia kwamba mwenzake anarudi.

Kahiu alikihamishia kisa Nairobi. Kena na Ziki wanangojea matokeo yao, huku baba zao wakishindana katika uchaguzi. Urafiki unageuka mapenzi, umati unawapiga, na Ziki anapelekwa London. Miaka inapita, Kena, aliyekwisha kushika njia ya udaktari, anasikia kwamba Ziki amerudi. Filamu inaishia hapo, kwenye mlango wa matumaini.

Mlango huo ndio ulioleta mgogoro. Kwa maelezo ya Kahiu, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilimtaka abadilishe mwisho, ili wahusika waonyeshe majuto. Alikataa. Mwezi Aprili 2018 Bodi ilipiga marufuku filamu hiyo, ikidai kwamba inaeneza mapenzi ya jinsia moja kinyume cha sheria. Mwezi uliofuata ikaonyeshwa Cannes, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa katika tamasha hilo. Tarehe 21 Septemba, Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku kwa siku 7, kwa watu wazima tu, ili filamu iweze kupendekezwa kwa tuzo ya Oscar. Kumbi zilijaa. Hata hivyo, Kenya ilipendekeza filamu nyingine, «Supa Modo», na mwaka 2020 Mahakama Kuu ikakataa kuiondoa marufuku.

Yafaa tuliangalie jina lenyewe. «Rafiki» latokana na Kiarabu, likiwa na maana ya mwenzi wa safari. Katika Kiswahili neno hili halibainishi mume wala mke, na halisemi urafiki ni wa kiasi gani. Kahiu ameeleza kwamba wapenzi wa jinsia moja nchini Kenya mara nyingi hutambulishana kwa neno hilohilo. Basi lugha iliwapa hifadhi ambayo sheria iliwanyima.

Hivyo, msomaji akubaliane na wasichana hao au asikubaliane nao, historia hii ina fundisho. Jambo ambalo msanii alitakiwa kulibadilisha halikuwa pendo lenyewe, lilikuwa tumaini. Hadithi za ujana zimezoea kumalizia kwa adhabu na maonyo, nasi walimu tumezifundisha hivyo. Lakini kijana anayengojea matokeo yake hajui mwisho wa kisa chake, na msanii aliyeuacha wazi alimsawiri kwa uaminifu.