Heshima kwa Gharama ya Nani? Shujaa na Adui katika Tolkien na Martin

Agosti mwaka 991, huko Maldon katika jimbo la Essex, jemadari Beorhtnoth aliwakuta maharamia wa Kiviking wamekwama kisiwani. Njia ya kuvukia kwenda bara ilikuwa nyembamba, nayo huonekana maji yakipwa tu. Shairi la Kiingereza cha Kale linalosimulia vita hivyo linasema wapiganaji watatu walitosha kuiziba. Maharamia wakaomba waachiwe wavuke, pande zote zipigane kwenye uwanja sawa. Beorhtnoth akakubali. Akauawa, na askari wa nyumba yake wakafa mmoja baada ya mwingine karibu na mwili wake.

Wahakiki wengi walilisoma shairi hilo kama utukuzo wa ushujaa. J. R. R. Tolkien, profesa wa Oxford aliyekuwa amepigana Somme mwaka 1916, hakukubaliana nao. Katika maandishi aliyoyachapisha mwaka 1953 alidai kuwa mtunzi anamlaumu jemadari kwa kiburi: alikabidhiwa nchi ailinde, akaitumia kujitafutia sifa. Ushujaa uliostahili kuimbwa, kwa maoni yake, ulikuwa wa wale wa chini, waliokufa kwa uamuzi ambao hawakuulizwa.

Mwaka uliofuata juzuu ya kwanza ya riwaya yake The Lord of the Rings ilitoka. Wasomaji wa riwaya za fantasia hupenda kubishana nani ana nguvu kuliko nani, au nani alishika kiapo na nani alikivunja. Ubishi huo haufiki mbali, kwa sababu unaacha swali ambalo Tolkien alilichimba Maldon: heshima ya mkubwa hulipiwa na nani?

Mtazame Boromir, mmoja wa wapiganaji wa riwaya hiyo. Anaitaka Pete ya nguvu ili aiokoe nchi yake, Gondor, wala hakuna haja ya kumwona mnafiki. Tatizo ni kwamba kila anapoitaja Gondor anajiona yeye mbele ya jeshi. Mdogo wake Faramir anatumwa na baba yao akashikilie mstari usioshikika, na jeshi linaporudi nyuma yeye anabaki na kikosi cha mwisho ili wenzake wapate kupita. Mimi husoma ukurasa ule kama Maldon iliyoandikwa upya, safari hii kiongozi akilipa mwenyewe. Frodo naye, aliyepewa kazi ya kuiangamiza Pete, nguvu zinamwishia ukingoni kabisa mwa shimo la moto la Mlima wa Adhabu, anaidai kuwa yake. Kinachouokoa ulimwengu ni huruma aliyokwisha kuonyeshwa kiumbe Gollum zamani, wakati kumuua kungeonekana ujasiri.

George R. R. Martin, aliyeanza kuchapisha mfululizo wake mwaka 1996, husemwa kuwa ameizika heshima pamoja na mhusika wake Ned Stark. Usomaji huo ni wa haraka mno. Ned anamwonya malkia Cersei akimbie kwa sababu anawahofia watoto wa malkia huyo, na mwishoni anakiri hadharani uhaini ambao hakuutenda ili bintiye asalimike. Mtu anayelitupa jina lake mbele ya umati hawezi kuwa amekufa kwa kulinda jina. Hata kanuni yake kwamba atoaye hukumu ya kifo aushike upanga yeye mwenyewe ina maana ya kumbebesha mwamuzi sehemu ya uzito.

Aliyemrithi Beorhtnoth ni mwana wa Ned, Robb. Ameahidi kuoa katika ukoo wa Frey ili jeshi lake livuke mto (kivuko tena). Halafu analala na Jeyne Westerling na kumwoa ili kumsitiri. Kwa Jeyne ni uungwana. Lakini akina Frey walipolipiza kisasi kwenye arusi ya damu, Robb hakufa peke yake. Askari wake walichinjwa nje, mahemani, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameshauriwa kuhusu ndoa hiyo.

Hapa hoja yangu inakutana na mpinzani hatari, Tywin Lannister, aliyeyaunga mkono mauaji hayo, kwa sababu anatumia hesabu ileile. Anamuuliza mwanawe kwa nini kuua maelfu vitani kuwe bora kuliko kuua wachache mezani. Kama kigezo ni gharama tu, Tywin ameshinda. Ila hesabu yake ina mapengo mawili. Kwanza, katika orodha ya wanaolipa, jina lake halimo kamwe. Pili, wageni wale walikuwa wamekwisha kula mkate na chumvi ya mwenyeji, desturi inayomlinda kila msafiri asiye na jeshi. Ukiiua, unawatoza watu ambao hata hawajafika mezani. Basi kuna heshima iliyo pambo la mtu na kuna heshima iliyo ukuta wa wanyonge, na Tywin aliubomoa ukuta.

Jaime, mwana mwingine wa Tywin, ni mgumu zaidi. Akiwa na miaka 17 alimuua mfalme aliyeapa kumlinda, ili mji usiteketezwe, akaitwa muua mfalme maisha yake yote. Gharama ilikuwa yake. Lakini kiburi kilimzuia kueleza, na kwa kimya hicho wakazi waliendelea kulala juu ya akiba za kimiminiko cha moto zilizofichwa chini ya nyumba zao. Wanaomtetea huitaja siku ile ya kiti cha enzi. Wanaomshutumu humtaja Bran, mtoto wa miaka 7 aliyemsukuma dirishani. Sioni kwa nini tendo moja lifute jingine.

Katika juzuu ya nne, ya mwaka 2005, Jaime anaizingira ngome ya Riverrun huku akifungwa na kiapo cha kutoinua silaha dhidi ya ukoo wa Tully. Anakishika: hapigani, bali anamtishia Edmure Tully kwamba atamrusha mwanawe ndani ya ngome kwa mtambo wa kurushia mawe, mara tu mtoto atakapozaliwa. Edmure anasalimu amri, na damu haimwagiki. Wasomaji humsifu Jaime kwa werevu na kumcheka Edmure kwa udhaifu. Mimi naona kinyume. Jaime alikitimiza kiapo chake kwa kumtumia mtoto wa mwenziwe. Aliyebeba aibu ya kuikabidhi ngome ya baba zake, ili watu wake watoke wakiwa hai, ni Edmure.